Ngozi ya Guzik

Usiku huu tena hajagusa chakula.
Amekaa juu ya redieta, uso ameuelekeza ukutani
kama mtu anayewakwepa wadai wake.

Anayedaiwa ni mimi.
Nimeandika nyuma ya bahasha ya bili ya joto:
kipimo cha damu, zloti mia na themanini;
picha ya tumbo, mia mbili;
kulazwa siku tatu kwa dripu...
hapo kalamu ikakauka, au nilijifanya imekauka.
Pensheni huingia tarehe kumi na tano.
Leo ni tarehe tatu.

Nilishona miaka thelathini na mmoja kiwandani, hapa Łódź,
mikono ya makoti, mikono tu,
wa kushoto asubuhi, wa kulia mchana.
Koti zima sikuwahi kuliona.
Wiki walipozima mashine nilimkuta ndani ya sanduku la vifungo,
mdogo kama ngumi, macho bado yana tongotongo,
nikamwita Guzik, yaani kifungo,
kile kidude kinachozuia nguo isikuumbue.
Miaka kumi na saba sasa.

Dada yangu Wiesława alipiga simu kutoka Sieradz.
"Bogumiła, huyo ni paka."
Nikamwambia najua ni paka.
"Basi ana roho ya paka, atapona mwenyewe."
Asiyewahi kufuga ndiye husema hivyo.
Roho yake ni moja, nimeisikia saa nane usiku
ikinywa maji, ikinywa, ikinywa,
bakuli likikwaruza sakafu.

Kwa daktari wa mifugo nilisubiri
kati ya mbwa aliyevaa koti zuri kuliko langu
na mvulana aliyempakata kobe ndani ya kofia.
Mfugo hutoa maziwa, yai, sufu, hata samadi.
Wangu hutoa manyoya kwenye sketi yangu nyeusi
na uzito miguuni pangu nikilala,
na huo uzito nao umepungua:
kilo mbili na nukta tisa, mzani umesema.

Daktari Oleszko ni msichana tu, kucha fupi, viatu vya mpira.
Aliivuta ngozi ya shingo, akaiachia.
Ikabaki imesimama kama hema,
ikarudi polepole, kwa kusitasita.
"Unaona? Amekaukiwa."
Nilikuwa nimeona kabla yake.
Kitambaa kilichochoka ndivyo kilivyo,
hakisahau mkunjo.

Nikamtajia kiasi nilicho nacho,
kwa sauti ile ya kutaja ugonjwa wa aibu.
Hakunihurumia, namshukuru kwa hilo.
Aliitazama mikono yangu.
"Ulikuwa ukifanya kazi gani?"
Nikamwambia. Akafungua droo.
"Basi nitakufundisha. Maji chini ya ngozi, siku moja ndiyo, siku moja hapana.
Figo hazitapona. Lakini atapata..."
Hakumalizia. Sikumuuliza atapata nini.

Sindano ni sindano, nilijiambia njia nzima kwenye tramu,
kikapu magotini, Guzik kimya.
Kumbe hii haina tundu la uzi.
Yenyewe yote ni tundu, toka kitako hadi ncha.

Nimetoboa jinzi, turubai, ngozi ya ng'ombe
bila kupepesa jicho.
Jikoni, mbele ya paka aliyelala kwenye taulo,
mikono yangu ilitetemeka kama ya mwanagenzi.
Nikaishika ngozi, nikaingiza ulalo,
vile vile ninavyoficha mshono wa pindo.
Alinitazama.
Hakukwaruza; ningependa angekwaruza.
Maji yakaingia, nundu ikamvimba begani,
akawa ngamia mdogo mwenye kisirani.

Bahasha bado iko mezani, hesabu bado haifungi,
na cherehani nimeshaipiga picha mara mbili,
picha sijamtumia mtu.

Alfajiri alishuka kwenye redieta kwa awamu,
miguu ya mbele, kisha mapumziko, kisha ya nyuma.
Akala vijiko viwili vya kuku. Cha tatu akakiacha.
Nikavuta bahasha, nikaandika chini ya deni:
vijiko viwili.